Kipimo Kinapogoma: Matatizo ya Mara kwa Mara katika Kutambua na Kusafisha Virusi vya Mimea

Maabara zinazopima mimea ya Kanda ya Ziwa hupokea kazi za namna mbili kuliko nyingine zote: majani ya mhogo yenye batobato au michirizi ya kahawia, na marando ya viazi vitamu yaliyodumaa. Malalamiko yanayotokana na kazi hizo nayo hujirudia. Fundi anaona jeli (bamba laini la kutenganishia DNA kwa umeme) ikiwa tupu, bila mstari wa DNA, yaani bendi, anaagiza kimeng'enya kipya, anasubiri kifike, na kikifika jeli inabaki tupu vilevile. Mwongozo huu unashikilia kwamba kosa mara nyingi hutangulia mashine na dawa: limo katika jani lililochumwa, namna lilivyosafirishwa na jinsi lilivyosagwa. Kwa hiyo chini ya kila dalili tunaanza na kilicho cha kawaida na rahisi kukagua, na mashine tunaiacha mwisho.

Kabla ya kutafuta kosa lolote, hakikisha kila mzunguko wa kazi ulikuwa na vidhibiti vinne: mmea unaojulikana kuwa na virusi, mmea wa aina ileile unaojulikana kuwa mzima, maji matupu badala ya sampuli, na kipimo cha jeni ya mmea wenyewe ndani ya kila sampuli. Hicho cha nne ndicho kinachoachwa zaidi kwa kubana matumizi, na ndicho pekee kinachotofautisha sampuli isiyo na virusi na sampuli ambayo uchimbaji wake ulishindikana. Jibu hasi lisilo na kidhibiti hicho lisitumwe kwa mkulima wala kwa mkaguzi wa mbegu.

Mmea una dalili wazi, lakini kipimo kinasema hauna virusi

Sababu ya kwanza ni jani lisilo sahihi. Kwa batobato, virusi hupatikana kwa wingi katika majani machanga ya juu yanayoonyesha mabaka ya njano na kujikunja, kwa hiyo chuma hapo. Kwa michirizi ya kahawia ni kinyume: dalili zake hujitokeza kwenye majani yaliyokomaa ya sehemu ya chini, zikifuata mishipa, na virusi havijasambaa sawasawa katika mmea. Mtu aliyezoea kuchuma kilele cha mmea kwa ajili ya batobato akaendelea hivyohivyo kwa michirizi ya kahawia atapata majibu hasi ya uongo hata kama kila kitu kingine amekifanya vizuri. Chukua vipande kutoka majani matatu au zaidi ya mmea mmoja, uvichanganye kabla ya kusaga.

Viazi vitamu vina shida yao. Kirusi cha madoa ya manyoya kinapokuwa peke yake katika mmea hubaki kwa kiwango kidogo mno, mara nyingi bila dalili yoyote, na ELISA, kipimo cha kunasa virusi kwa kingamwili, huweza kukikosa kabisa. Kinapokutana na kirusi cha kudumaza na kufubaza majani, kile kinachoenezwa na nzi weupe, kiwango chake hupanda hadi karibu mara 600, na hapo ndipo shamba linapoonekana limeharibika. Kwa hiyo rando linaloonekana zima na lililotoa jibu hasi la ELISA halijathibitishwa kuwa safi. Lipandikize kwenye Ipomoea setosa, mmea wa majaribio unaoonyesha dalili kwa urahisi, usubiri wiki tatu hadi sita, kisha upime majani ya mmea huo, au tumia PCR, kipimo cha kurudufisha vinasaba vya kirusi, moja kwa moja.

Sababu ya pili ni safari. Majani yaliyochumwa Ukerewe asubuhi, yakafungwa kwenye mfuko wa plastiki na kusubiri kivuko cha Nansio juani, hufika Mwanza yakiwa yamechemka na kuanza kuoza. Yasikaushwe juani wala yasifungwe yakiwa na maji. Yatandaze bila kupandana kati ya karatasi za gazeti, yabane kwa ubao, ubadilishe karatasi jioni ya siku hiyohiyo. Au weka vipande vidogo kwenye bahasha ndani ya chombo chenye chembe za silika za kufyonza unyevu. Virusi vya batobato vina DNA, nayo huvumilia ukaushaji huo vizuri. Virusi vya michirizi ya kahawia vina RNA, ambayo hukatika upesi, kwa hiyo kinachookoa sampuli hizo ni kukausha haraka siku ya kuchuma au kuziweka kwenye barafu njia nzima. Barafu iliyoyeyuka katikati ya safari ina madhara kuliko gazeti lililobadilishwa vizuri.

Sababu ya tatu ni kipimo kisicholingana na kirusi. Michirizi ya kahawia husababishwa na spishi mbili, CBSV na UCBSV, na praima (kipande kifupi cha DNA kinachoanzisha PCR) iliyotengenezwa kwa ajili ya moja huweza kuikosa nyingine. Kwa batobato kuna mtego mwingine. Aina ya virusi iliyoenea kutoka Uganda katika miaka ya 1990 ni mchanganyiko ambamo kipande cha kati cha jeni ya protini ya ganda la kirusi cha Afrika Mashariki kimechukuliwa kutoka kwa kirusi cha batobato ya Afrika. Kingamwili huliona ganda hilo kama la kirusi cha batobato ya Afrika, kwa hiyo anayetegemea ELISA peke yake katika kanda hii ataandika jina lisilo sahihi kwenye ripoti. Kutaja aina kunahitaji PCR.

Hatimaye, huenda kweli hakuna virusi. Utitiri wa kijani, upungufu wa zinki na dawa ya magugu iliyopeperushwa na upepo huacha alama zinazofanana na ugonjwa. Geuza jani uliangalie upande wa chini kwa lenzi ya mkononi. Ni kazi ya dakika moja na haihitaji umeme.

Uchimbaji unatoa ute, au rangi ya kahawia

Mhogo una utomvu, wanga na polifenoli kwa wingi, na vyote vitatu huingia kwenye kichupa pamoja na DNA. Rangi ya kahawia inamaanisha polifenoli zimekutana na hewa na kushikamana na DNA. Ute unaovutika kwenye ncha ya pipeti, au kitonge cheupe kisichoyeyuka, ni polisakaraidi.

Kagua kwanza kiasi cha jani. Wengi husaga jani kubwa kwa kuamini kwamba nyama nyingi hutoa DNA nyingi, kumbe kwa mhogo huongeza uchafu kuliko DNA. Miligramu 100 za jani bichi kwa mililita moja ya bafa (myeyusho wa kutunza pH) zinatosha, na kwa jani kavu hata miligramu 20. Pili, kagua bafa ya CTAB, sabuni inayopasua seli na kutenga DNA. Merkaptoethanoli huongezwa siku ya kazi, si mwezi uliopita, na PVP ya asilimia 2, inayonasa polifenoli, isikosekane. Ikiwa bafa imekaa kwenye jokofu na ina chembe nyeupe, CTAB imeganda. Ipashe hadi 65 °C na uitikise mpaka iwe angavu. Bafa hii hukaa vizuri mezani katika joto la kawaida la Mwanza, na kuiweka baridini ni kujitafutia kazi.

Kama hayo yote yako sawa, pandisha chumvi ya bafa kutoka molari 1.4 hadi 2 au zaidi, na rudia hatua ya klorofomu na isoamili kwa uwiano wa 24 kwa 1 hadi tabaka la kati lisionekane tena. Unapochota tabaka la juu, acha robo yake nyuma. Uchoyo wa matone ya mwisho ndio unaorudisha ute ndani ya kichupa. Kitonge ambacho tayari ni kichafu kinaweza kuokolewa: kiyeyushe katika bafa ya TE, fikisha chumvi ya kawaida molari 1 hadi 2, kisha ongeza ethanoli baridi mara mbili ya ujazo. Katika chumvi hiyo polisakaraidi nyingi hubaki kwenye maji huku DNA ikishuka. Kwa RNA, tumia kloridi ya lithiamu kufikia molari 2 na uiache usiku kucha kwenye 4 °C.

Pima ubora kwa mwanga. Uwiano wa mwanga unaofyonzwa kwenye nanomita 260 kwa ule wa 280 uwe karibu 1.8 kwa DNA na 2.0 kwa RNA. Uwiano wa 260 kwa 230 ulio chini ya 1.5 unaonyesha kwamba uchafu bado upo, na usishangae PCR ikikataa.

Onyo: klorofomu, fenoli na merkaptoethanoli hufunguliwa ndani ya kabati la kuvuta mvuke tu. Kabati lisipovuta, hata kwa sababu umeme umekatika katikati ya kazi, funika vichupa, toka chumbani na usirudi kuendelea kwa kufungua dirisha. Nitrojeni ya maji nayo isimwagwe katika chumba kilichofungwa, kwa kuwa hufukuza hewa ya kupumua bila harufu ya kumtahadharisha mtu.

Jeli haina bendi hata moja

Angalia ngazi ya kupimia ukubwa. Ikiwa nayo haionekani, tatizo ni jeli, na PCR yako huenda ni nzima: rangi ilisahaulika, taa ya UV imechoka, au nyaya ziligeuzwa na DNA ikakimbilia upande wa pili ikatoka. DNA huelekea kwenye ncha chanya, kwa kawaida nyekundu, na vishimo vya jeli huwekwa upande wa nyeusi.

Ngazi ikionekana lakini kidhibiti chanya hakionekani, mchanganyiko wa kemikali ndio wa kushukiwa. Katika maabara zetu mshukiwa mkuu ni friza. Umeme unapokatika usiku na kurudi alfajiri, vijenzi vya DNA na praima huyeyuka na kuganda tena bila mtu kujua, na vijenzi hivyo havivumilii kurudiwa huko. Weka sarafu juu ya barafu iliyoganda kwenye kikombe ndani ya friza. Ukiikuta imezama, friza iliyeyuka. Gawa kemikali katika vichupa vidogo vya matumizi machache, utupe kichupa kilichoyeyuka badala ya kukitetea. Baada ya hapo kagua magnesi, kisha shusha joto la praima kushikamana kwa nyuzi 2 au 3.

Hali ya tatu ndiyo inayowatesa wengi: kidhibiti chanya kina bendi nzuri, sampuli zote ni tupu, na hata jeni ya mmea haionekani. Hapo kuna kizuizi kilichotoka kwenye jani. Zimua sampuli mara 10 na mara 100, kisha urudie. Inashangaza ni mara ngapi sampuli iliyozimuliwa hutoa bendi ambayo ile nzito ilikataa kutoa, kwa sababu uchafu hupungua nguvu kabla DNA haijaisha. Thibitisha kwa kuchanganya sampuli na kidhibiti chanya katika kichupa kimoja: kidhibiti kikizimwa, kizuizi kipo. Albumini ya damu ya ng'ombe, BSA, kwa kiasi cha mikrogramu 0.2 hadi 0.4 kwa mikrolita, husaidia pia. Isiposaidia, rudi kwenye uchimbaji.

Ikiwa jeni ya mmea inaonekana na ya kirusi haionekani, soma tena sehemu ya kwanza ya mwongozo huu kabla ya kuamini kwamba mmea ni mzima.

Kwa RNA kuna hatua ya ziada, ile ya kuigeuza kuwa DNA. Tembeza RNA kidogo kwenye jeli: bendi mbili kali za ribosomu zinaonyesha ni nzima, na moshi unaoshuka chini unaonyesha imekatwa. Chanzo cha kawaida cha kukatwa huko ni mikono isiyo na glovu na maji. Ziwa Victoria liko mita 1,134 hivi juu ya usawa wa bahari, na kwenye mwinuko huo maji huchemka karibu 96 °C, kwa hiyo kuchemsha hakusafishi chochote cha maana kwa kazi ya RNA. Hata mtungi wa mvuke unaosoma shinikizo lake la kawaida unaweza kuwa chini kidogo ya 121 °C. Amini kipimajoto au mkanda wa kuthibitisha joto, usiamini mshale wa shinikizo pekee. Na kwa kuwa baadhi ya vimeng'enya vinavyokata RNA huvumilia hata mvuke huo, tumia maji yaliyotibiwa kwanza kwa DEPC, kemikali inayozima vimeng'enya hivyo, au yaliyonunuliwa kwa kazi hiyo. Bafa yenye Tris haitibiwi kwa DEPC.

Mashine yenyewe hushukiwa mwisho. Ikiwa vishimo vya pembeni vinashindwa na vya katikati vinafaulu katika mzunguko uleule, joto la bamba halilingani. Usiifungue. Mwite mhandisi wa vifaa apime joto kwa kifaa chake, na kabla ya kuirudisha kazini uifunge kwenye kidhibiti cha umeme.

Kichupa cha maji kina bendi

Majibu yote ya mzunguko huo yatupwe, hata yale yanayoonekana kuwa na mantiki. Hakuna njia ya kuyasahihisha kwa hesabu.

Mara nyingi uchafu ni zao la PCR zilizopita, lililosambaa hewani vichupa vilipofunguliwa karibu na mahali pa kuchanganyia. Badilisha maji kwanza, kwa kuwa ni rahisi, kisha praima, kisha vilivyobaki, kimoja kimoja ili umjue mkosaji. Ikiwa kemikali ni chache, tupa vyote na ufungue vipya. Osha meza na pipeti kwa Jik iliyozimuliwa mara 10 siku hiyohiyo, iache dakika 15, kisha ifute kwa maji. Isikutane na mabaki ya vifaa vya uchimbaji vyenye guanidini wala na asidi, kwani hutoa gesi yenye sumu.

Dawa ya kudumu ni mpangilio wa vyumba. Kazi iende upande mmoja tu: kuchanganya, kuongeza sampuli, mashine, jeli. Koti na pipeti za chumba cha jeli zisirudi nyuma. Kwa wanaotumia LAMP, njia ya kurudufisha DNA inayofanyika kwenye joto moja la 60 hadi 65 °C na inayopendwa kwa kazi za shambani, onyo ni kali zaidi: hutoa DNA nyingi kiasi kwamba kufungua kichupa kimoja kilichokamilika kunaweza kuharibu chumba kwa miezi. Soma rangi kichupa kikiwa kimefungwa, kisha kitupe hivyohivyo.

ELISA: sahani yote ni ya njano, au hakuna rangi kabisa

Njano kila mahali, pamoja na kwenye mmea mzima, kwa kawaida ni uoshaji hafifu. Jaza visima hadi juu, acha dakika tatu, mwaga, gonga sahani kwenye karatasi, na rudia mara tatu hadi nne. Pili, angalia chakula cha kimeng'enya, yaani pNPP: ikiwa ilikuwa imeanza kuwa njano kabla ya kuwekwa kwenye sahani, imeharibiwa na joto au mwanga. Visima vya pembeni vikiwa vikali kuliko vya kati, sahani ilikauka kingoni. Iweke ndani ya boksi lenye kitambaa kibichi. Kingamwili zilizozidi huja mwisho katika orodha ya washukiwa.

Rangi ikikosekana hata kwenye kidhibiti chanya, yaelekea hatua moja ilirukwa, na fundi mwaminifu hukagua daftari kwanza. Halafu bafa: kimeng'enya cha fosfatesi huzimwa na fosfeti, kwa hiyo pNPP huyeyushwa katika diethanolamini ya pH 9.8 na si katika PBS. Kile cha peroksidesi huzimwa na sodiamu azaidi iliyowekwa ili kuzuia ukungu.

Kuhusu mpaka wa kusema sampuli ni chanya, wengi hutumia mara mbili ya wastani wa mimea mizima kwenye nanomita 405. Mpaka huo una maana ikiwa mimea mizima ni ya aina ileile ya mhogo na ya umri uleule. Sampuli inayogusa mpaka irudiwe kwa PCR. Isipandishwe wala kushushwa kwa hisia.

Usafishaji wa virusi hautoi kitonge, au unatoa kitonge cha kijani

Jiulize kwanza kwa nini unasafisha. Ikiwa lengo ni kutambua tu, acha. PCR itakupa jibu kwa jani moja na mchana mmoja. Usafishaji una maana unapotaka kutengeneza kingamwili au kupiga picha kwa hadubini ya elektroni.

Kitonge kisipopatikana, sababu kuu ni mmea wa kuanzia. Usisafishe kutoka kwenye mhogo. Hamishia kirusi kwenye Nicotiana benthamiana kwa kusugua utomvu pamoja na unga laini wa kukwaruza, kisha vuna dalili zinapokolea lakini kabla majani hayajafa, mara nyingi katika wiki ya pili. Banda la kioo linalozidi 30 °C mchana hushusha kiwango cha virusi. Lifunike kwa neti ya kivuli au panda msimu wa baridi wa Juni na Julai. Kwa virusi vya batobato, ambavyo hukaa ndani ya viini vya seli za mishipa, mavuno huwa madogo hata kila kitu kikienda sawa.

Baada ya mmea, shuku oksidi (weka salfaiti ya sodiamu au merkaptoethanoli ndani ya bafa, na kila kitu kiwe kwenye barafu), halafu kiasi cha PEG (polima inayoshusha virusi kutoka kwenye maji), ambacho kwa kawaida ni asilimia 4 hadi 8 pamoja na chumvi. Virusi vyenye umbo la uzi vina tabia mbaya ya kushikamana na kushuka pamoja na takataka katika mzunguko wa polepole, na hapo fundi humwaga virusi vyake akidhani ni uchafu. Urea ya molari 0.5 na EDTA ya milimolari 10 huviachanisha. Kitonge kiloweshwe usiku kucha kwenye 4 °C bila kutikiswa kwa nguvu.

Kijani ni klorofili. Rudia kusafisha kwa klorofomu, lakini jaribu kwanza kwa ujazo mdogo, kwani kuna virusi visivyoivumilia. Kisha pitisha kwenye ngazi ya sukari ya asilimia 10 hadi 40. Uwiano wa 260 kwa 280 wa karibu 1.2 unatia moyo kwa virusi vya umbo la uzi, ukikaribia 1.9 umekusanya ribosomu, ukiwa chini ya 1 umekusanya protini za mmea. Katika hadubini, virusi vya michirizi ya kahawia ni nyuzi zenye urefu wa karibu nanomita 650, na vya batobato ni vichembe pacha vya nanomita 18 kwa 30 hivi.

Mashine ya mzunguko wa kasi kuu si ya kujaribia. Vichupa vinavyokabiliana vilingane kwa mizani, si kwa macho. Rota yenye mkwaruzo, kutu au historia isiyoandikwa isitumike, na myeyusho mzito wa kloridi ya sesiamu unahitaji kasi ipunguzwe kama jedwali la rota linavyoelekeza. Ikitetema au kupiga kelele, bonyeza kitufe cha kusimamisha, ondoka karibu nayo, isubiri isimame yenyewe na umwite mhandisi. Usiiwashe tena ili kusikiliza kelele hiyo ilitoka wapi.

Wakati wa kusimama na kupeleka kazi kwingine

Mizunguko miwili mfululizo ya vidhibiti kushindwa, baada ya kemikali mpya kuwekwa, inatosha kusimamisha kazi ya wateja. Majibu yenye uzito wa kisheria, kama vile ya kuthibitisha mbegu kwa TOSCI, taasisi ya taifa ya kuthibitisha ubora wa mbegu, au kusafirisha vipando nje ya nchi, yasitolewe na maabara isiyotambuliwa kwa kazi hiyo. Dalili zisizojulikana katika kanda, au bendi ya ukubwa usiotarajiwa inayojirudia katika sampuli za shamba moja, zitolewe taarifa kwa Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, TPHPA, na vipando vya shamba hilo visigawiwe kwa mtu wakati jibu linasubiriwa. Bendi hiyo isomwe mpangilio wake wa vinasaba kabla ya kupewa jina.

Unapoomba msaada wa maabara nyingine, iwe Ukiriguru au mbali zaidi, gawa kila jani mara mbili kabla ya kusaga, ubaki na nusu moja ikiwa kavu. Tuma pamoja na picha ya mmea mzima, picha ya jeli isiyokatwa kingo, vipimo vya mwanga, tarehe ya kuchuma na namba ya toleo la kila kemikali. Picha iliyokatwa ikabaki na bendi nzuri peke yake haimsaidii mtu kutafuta kosa.